Gereza Lisilo na Kufuli

Neno gereza halikuzaliwa na kufuli. Wanaisimu hulirudisha kwenye igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na watu wa pwani hawana haja ya kwenda mbali ili kuona jinsi maana ilivyogeuka. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, na ndani ya kuta zake yamo mabaki ya kanisa la Wareno. Ngome ile nayo ikaja kufanywa mahali pa kufungia watu. Kilwa Kisiwani kuna ngome inayoitwa Gereza hadi leo. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni tangu 1895 hadi 1958. Kanisa liliingia ngomeni, ngome ikawa jela, na neno likafuata. Leo hakuna Mswahili anayesikia kengele ndani ya neno gereza. Anachosikia ni mlio wa funguo.

Basi neno hilo lilibeba nini kabla halijapanda jahazi? Swali hilo ndilo lililompeleka mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili, mzaliwa wa kusini mwa Unguja, hadi kijiji cha Pitões das Júnias, kaskazini kabisa mwa Ureno, karibu na mpaka wa Hispania. Alikuwa amekwenda Porto kumtembelea binti yake aliyekuwa masomoni, naye, baada ya wiki moja ya kuonyeshwa madaraja na maduka, akaomba apelekwe mahali penye kanisa la zamani lisilo na foleni ya watalii. Binti akakodi gari, wakaondoka alfajiri.

Wasomaji wengi wa pwani wanaijua Ureno ya majini: Lisbon, Mto Tejo, na Vasco da Gama aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Pitões ni Ureno nyingine kabisa. Barabara itokayo Braga kuelekea Chaves hupanda ikiyafuata mabwawa ya Mto Cávado, kisha njia nyembamba huiacha na kuzidi kupanda hadi nchi ya juu iitwayo Barroso, katika wilaya ya Montalegre. Kijiji kipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nyumba zake ni za mawe ya itale, rangi ya kijivu, zimesogeleana kama watu waotao moto. Nyuma yake vimesimama vilele vya Gerês, majabali matupu yasiyovikwa hata nyasi. Eneo lote limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peneda-Gerês, iliyoanzishwa mwaka 1971, nayo ndiyo hifadhi ya taifa pekee katika nchi hiyo. Mbwa mwitu wangali wakizunguka kwenye milima hiyo.

Jambo la kwanza alilolitambua mwalimu ni ukimya. Ilikuwa Oktoba, na baadhi ya nyumba zilikuwa na madirisha yaliyofungwa kwa komeo za nje. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu hapo wakazi 161 tu. Sababu si tauni wala vita vilivyopiganwa mlangoni. Ni njia ya kuondokea, ambayo kila mtu wa visiwani anaijua kwa jina lake. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wareno zaidi ya milioni moja waliihama nchi yao, wengi wakielekea Ufaransa, na wengi wao walivuka mipaka kwa siri, kwa miguu, bila hati. Walikimbia ufukara, na vijana wakakimbia pia kuandikishwa jeshini, kwani tangu 1961 hadi 1974 serikali ya Lisbon ilikuwa ikipigana kuzishikilia Angola, Guinea na Msumbiji.

Hapo mwalimu alitulia kidogo. Yeye aliwajua Wareno kwa mizinga yao. Kwa miaka mingi alikuwa amewasomesha watoto habari ya Kilwa iliyoporwa na Mombasa iliyochomwa moto mwaka 1505 na jeshi la Francisco de Almeida, na hakuna safari ya milimani inayoweza kulifuta deni lile. Lakini katika vichochoro vya Pitões alikuwa akikutana na watu waliofuga mbuzi na kulima viazi, ambao serikali ileile iliyowatia Waafrika minyororo ilikuwa ikiwadai wana wao wakafe mbali kwa ajili yake. Himaya, alifikiri, huwa na wakubwa wanaoila, na huwa pia na kijiji cha mbali kinachotozwa kuni za kuipikia.

Walifikia katika nyumba ya wageni inayotunzwa na mama wa makamo pamoja na mkwewe mzee. Mama alizungumza Kifaransa, lugha aliyorudi nayo kutoka Ufaransa, na binti alikijua vya kutosha kuwafasiria. Wakati wa chakula, bibi aliulizwa iwapo wajukuu wake watarudi kuishi pale. Alinyanyua mabega, akatazama moto, akasema neno moja: oxalá. Binti alitaka kulifasiri, lakini mwalimu alikuwa ameshalipokea. Lilikuwa inshallah, iliyobaki midomoni mwa Wareno tangu zama za Waislamu wa Andalusi, nayo imechakaa kama sarafu iliyopita mikononi kwa karne nyingi, ila thamani yake haikupotea. Hata aldeia, neno lao la kijiji, asili yake ni Kiarabu. Basi kumbe mkopo ulikwenda pande zote. Pwani iliweka meza, bendera na gereza. Milima ile iliweka dua.

Mwalimu hakuwa amebeba swali la neno peke yake. Katika kundi la simu la ndugu zake kulikuwa na swali jingine, nalo lilikuwa limemtangulia kila alipokwenda. Nyumba ya marehemu baba yao, nyumba ya mawe na chokaa isiyo mbali na pwani, ilikuwa imefungwa kwa mwaka wa nne. Ndugu mmoja yupo Maskati, dada yupo Dar es Salaam, kitinda mimba yupo Uingereza, na mwalimu mwenyewe alikuwa amehamia mjini ili awe karibu na hospitali. Mtu mwenye fedha alikuwa akikitaka kiwanja. Bei ilikuwa nzuri, na hakuna aliyeweza kusema kwamba ni ya dhuluma. Wote walikuwa wamekubaliana kwamba kaka mkubwa ndiye atakayetoa neno la mwisho atakaporudi.

Asubuhi ya pili wakashuka kwenda kwenye monasteri. Haionekani kutoka kijijini. Njia hupita karibu na makaburi, kisha huteremka kwa mawe na vichaka hadi kwenye bonde jembamba, na sauti ya kijito humfikia mgeni kabla hajaona ukuta wowote. Watawa wa Santa Maria das Júnias walichagua mahali hapo kusudi, kwani waliotaka kuukimbia ulimwengu walihitaji maji, ukimya, na mlima wa kuwaficha. Kanisa bado lina paa. Mlango wake wa mbele ni wa tao la duara lililochongwa nakshi za kujirudia, kazi ya fundi aliyekuwa na subira nyingi na patasi chache. Majengo mengine yote yako wazi chini ya mbingu. Katika ua wa ndani, ambamo watawa walikuwa wakitembea kimya chini ya varanda, yamebaki matao matatu tu. Jiko limebaki kuta na dohani lake. Miti ya mialoni imeota mpaka kwenye kizingiti.

Ukutani mwa kanisa yamo maandishi yaliyochongwa yanayoonyesha mwaka unaolingana na 1147. Ni mwaka uleule ambao Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliuteka mji wa Lisbon kutoka kwa Waislamu. Mwalimu aliyapitisha macho maandishi yale kwa muda mrefu, kwa sababu yeye alikulia karibu na jiwe jingine lenye tarehe. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, maandishi ya Kikufi yanaitaja Hijria 500, yaani mwaka 1107. Mafundi wale wawili hawakujuana, wala hawakuwa na habari kwamba bara la mwenzake lipo vipi. Miaka 40 tu ndiyo iliyowatenganisha, na kila mmoja aliona kuwa sala ya watu wake inastahili kuandikiwa tarehe juu ya jiwe.

Tofauti iliyomshughulisha haikuwa ya dini wala ya ufundi. Msikiti wa Kizimkazi uliwahi kubomoka na kujengwa upya katika karne ya 18, na kuta nyingi anazoziona mtu leo si za mwaka 1107. Lakini watu wanasali humo. Monasteri ya Júnias ina kuta za asili zaidi, na hakuna anayelala wala kula humo. Jiwe la kwanza lilipoteza umbo likabaki na watu. La pili lilipoteza watu likabaki na umbo. Ni lipi kati ya hayo mawili linalostahili kuitwa kongwe?

Ndani ya kanisa lile, mwalimu alilipata jibu la swali lake la kwanza. Igreja hii ilikuwa na ukuta mnene, madirisha membamba, na kanuni iliyowataka waliomo wasitoke. Watawa walianza chini ya kanuni ya Wabenedikto, na katikati ya karne ya 13 wakaingia katika tawi lililoanzia Cîteaux huko Ufaransa, chini ya monasteri kubwa ya Oseira, iliyopo Galicia upande wa pili wa mpaka. Walichunga mifugo, wakasali usiku na mchana, wakazikwa walipoishi. Mtu akiyatazama kwa nje, maisha hayo hayana tofauti kubwa na kifungo. Tofauti ni kwamba kufuli lilikuwa moyoni mwa mfungwa, na ufunguo alikuwa nao mwenyewe. Pengine waliolitamka neno hilo kwa mara ya kwanza pwani, walipoona jengo lenye ukuta mnene na askari mlangoni, hawakukosea sana. Waliona ukuta. Kilichowapita ni ile hiari, na hiari haikupanda meli.

Tena hiari yenyewe ilikuja kuvunjwa na karatasi. Mei 1834, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, waziri Joaquim António de Aguiar alitangaza amri ya kuyafuta mashirika ya watawa wa kiume nchini kote na kutaifisha mali zao. Watu wakambandika waziri jina la utani, Mata-Frades, yaani muua watawa, ingawa alichoua ni makazi yao. Kuta za Júnias, zilizokuwa zimehimili theluji kwa karne saba, hazikuweza kuhimili kurasa chache zenye mhuri. Baadaye katika karne ileile moto ukaunguza sehemu kubwa ya majengo. Mwaka 1950 serikali iliyatangaza magofu hayo kuwa kumbukumbu ya taifa, kama afanyavyo mtu anayemvisha sanda nzuri jirani ambaye alishindwa kumlisha.

Hata hivyo habari moja haiingii katika amri ile. Inasimuliwa kwamba mtawa wa mwisho wa Júnias hakwenda mbali. Alipanda kilima, akaingia kijijini, akawa padri wa Pitões. Monasteri ilipofungwa, alikwenda walipokuwa watu. Mwalimu alimwuliza binti yake arudie habari hiyo mara mbili, kisha akakaa juu ya jiwe katika ule ua wenye matao matatu, asiseme kitu mpaka kivuli cha mlima kikawafikia.

Adhuhuri walirudi kijijini, na mwenyeji wao akawatembeza. Aliwaonyesha zizi la fahali wa kijiji, ambalo sasa ni sehemu ya makumbusho ya Barroso. Zamani fahali hakuwa wa mtu mmoja. Alikuwa wa kijiji kizima. Majani yake yalitoka katika malisho ya wote, na heshima ya kijiji ilikuwa juu ya pembe zake siku alipopambanishwa na fahali wa kijiji jirani. Mwalimu alitabasamu, kwani Pemba nako upo mchezo wa ng'ombe, na wengi husema ni mchezo ulioachwa na Wareno. Mbuzi nao walichungwa kwa utaratibu wanaouita vezeira: kundi lilikuwa moja, wachungaji walipokezana, na kila nyumba ilitoa siku za kuchunga kulingana na idadi ya mifugo yake. Mwenye mbuzi wengi alidaiwa siku nyingi. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kilimo wa Barroso kuwa urithi wenye umuhimu wa dunia. Heshima hiyo ilifika wakati mikono ya kuushika urithi wenyewe imekuwa michache.

Mwisho wakafika kwenye tanuri. Tanuri la mkate la kijiji ni nyumba ya mawe ambayo si mali ya mtu. Katika vijiji vya Barroso kila familia ilipata siku yake ya kuoka, na usiku wa baridi maskini na wapita njia waliruhusiwa kulala humo, karibu na mawe yaliyobaki na moto. Bibi alieleza jambo ambalo kwake lilikuwa dogo. Tanuri likishapoa kabisa, alisema, yule wa kwanza kuliwasha hutumia kuni nyingi kuliko wote wanaomfuata, maana yeye hupasha mawe, na wenzake hupasha mkate tu. Ndiyo sababu zamu ya kwanza haikuachiwa mtu mmoja kila mara.

Mwalimu alilibeba neno hilo. Kwao nako zamani zamu ilikuwa ndiyo nguzo ya mambo. Nyumba iliezekwa kwa kualikana, jahazi lilivutwa ufukweni kwa mikono ya wote, na msiba haukuwa wa nyumba moja. Makunduchi, kila Julai, waliohama bado hurudi kwa ajili ya Mwaka Kogwa, na kwa siku chache mji huwa na watu wake. Hakuna ukuta unaowaita. Kinachowaita ni kujua kwamba wana fungu lao la kazi na nafasi yao ya kukaa, na kwamba wasipofika pengo litaonekana. Mtu hakai mahali kwa sababu pamemfunga. Hukaa, au hurudi, kwa sababu pana siku yenye jina lake.

Akaona basi kwamba nyumba ya baba ilikuwa imekosa kitu hicho. Ilikuwa na kufuli zuri, la shaba, lililoletwa kutoka Maskati. Ilikuwa na hati, na bei, na watu wanne wanaoipenda kwa simu. Ila haikuwa na siku ya mtu yeyote. Imekuwa gereza kwa maana ya pwani, ukuta na funguo, na hakuna hata mfungwa ndani yake. Kuiuza kungekuwa kumaliza jambo lililokwisha. Kuiacha hivyohivyo kwa jina la kumbukumbu kungekuwa kuitangaza kumbukumbu ya taifa, kisha kungoja miti iote kizingitini.

Usiku ule aliwaandikia ndugu zake. Hakuwaandikia uzeni wala msiuze. Aliwapangia miezi. Aliye Maskati angepata Ramadhani, kwa kuwa kila mwaka hulalamika kwamba futari ya ugenini haina jamaa. Dada wa Dar es Salaam angepata miezi ya likizo za shule, aje na watoto wake, nao wajifunze kuteka maji kwenye kisima cha babu yao. Aliye Uingereza angepata Disemba. Kila mmoja katika mwezi wake angetengeneza kitu kimoja, mwaka huu paa, mwaka ujao sakafu. Iwapo miaka miwili itapita na zamu hazikukamatwa, basi kiwanja kiuzwe bila lawama wala machozi, kwani itakuwa imedhihirika kwamba wenye nyumba walikwishahama hata kwa nyoyo zao.

Dada alijibu mwanzo, akauliza kama kisima bado kina maji. Aliye Uingereza alinyamaza, ingawa ilionekana kwamba amesoma. Kisha ukaja ujumbe kutoka Maskati, mfupi, wa mtu anayehesabu gharama kabla ya kukubali: "Sawa kaka, lakini nyumba imefungwa miaka minne. Nani ataanza?"

Mwalimu aliutazama ujumbe ule huku bibi wa Pitões akiufunika moto kwa majivu ili uamke nao asubuhi. Akamjibu nduguye kwamba tanuri limepoa, na wa kwanza atahitaji kuni nyingi. Kisha akaandika tarehe ya ndege yake ya kurudi Unguja, na chini yake mwezi wa kwanza, kwa jina lake mwenyewe.